Mwalimu Mwanafunzi Mbele ya Mashindano na Mikutano ya Elimu

Katika vyuo vyetu vya ualimu ubao wa matangazo hausomwi kwa namna moja. Ratiba ya mitihani husomwa na kila mwanachuo, na orodha ya shule za mazoezi husomwa mara mbili; bali karatasi inayotangaza mkutano wa kitaaluma, au mashindano ya kubuni zana za kufundishia, hubaki hapo mpaka kingo zake zikajikunja kwa jua. Siku hizi tangazo la namna hiyo aghalabu hutangulia kufika kwa simu, lakini hali yake ni ile ile. Mwanachuo hulitazama, huona maneno "kimataifa" na "teknolojia", kisha hujiambia kwamba hayo ni mambo ya maprofesa.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi wa shule ya msingi namna ya kuusoma mwaliko wa aina hiyo, namna ya kupambanua kama unastahili kujibiwa, na, ukistahili, namna ya kuujibu kwa kazi iliyotoka darasani mwake mwenyewe. Tutaanza na mashindano yaliyofanyika karibu nasi, kwa lugha yetu, na juu ya kazi ambayo ndiyo hasa kazi yetu: kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu.

Mashindano ya Tanga

Mwezi Septemba mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza mashindano yaliyoitwa Global Learning XPRIZE. Jumla ya zawadi ilikuwa dola milioni 15. Washindani walitakiwa kutunga programu ya kishikwambi ambayo mtoto angeweza kuitumia bila mwalimu, akajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu katika muda wa miezi 15. Timu tano zilizofika hatua ya mwisho zilipewa dola milioni 1 kila moja, kisha programu zao zikapelekwa kujaribiwa katika mkoa wa Tanga kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017. Kampuni ya Google ilitoa vishikwambi, na vituo vya kuvichaji kwa umeme wa jua vikawekwa vijijini. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Mpango wa Chakula Duniani walishirikiana na waandaaji. Watoto wapatao 3,000 wa vijiji 170 walihusika, na lugha ya majaribio ilikuwa Kiswahili. Mwezi Mei mwaka 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa kuwa washindi sawa, zikagawana dola milioni 10.

Kabla ya majaribio watoto walipimwa. Kwa mujibu wa taarifa ya waandaaji, karibu robo tatu yao walikuwa hawajapata kwenda shule, na zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu.

Hapa namwomba msomaji asimame kidogo, kwani kusoma tarakimu nako ni sehemu ya ualimu. Kupungua kwa nusu ni jambo kubwa. Mtoto asiye na shule akifikia kusoma maneno kwa kusaidiwa na chombo tu, hakuna mwalimu mwenye haki ya kulibeza jambo hilo. Lakini nusu ya 90 ni 45. Maana yake ni kwamba baada ya miezi 15 ya kukaa na chombo chenye sauti, picha na michezo, watoto wapatao 45 katika kila 100 walikuwa bado hawawezi kusoma neno moja. Tarakimu ni moja. Anayegawa zawadi huitaja kwa upande mmoja, nasi walimu hatuna budi kuitazama kwa pande zote mbili.

Ni akina nani waliokuwamo katika hao 45? Je, ni wenye uoni hafifu? Ni wale ambao nyumbani husema Kisambaa, Kizigua au Kimasai, na Kiswahili hukisikia kwa nadra? Ni wale walioachiwa kulea wadogo zao, kishikwambi kikabaki mikononi mwa kaka? Ni wale waliokosea mara tatu mfululizo, wakaona haya, wakaacha? Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha Darasa la Kwanza anawajua watoto wa namna hii, tena kwa majina yao na mahali wanapoketi.

Mashindano hayakuwekwa kwa ajili ya maswali hayo. Mashindano yoyote huhitaji kipimo ambacho kwacho mshindi atajulikana, nacho kipimo hicho hakina budi kuwa kifupi na sawa kwa wote. Hilo si kosa la waandaaji. Ndivyo mashindano yalivyo. Mkutano wa kitaaluma ni kitu kingine. Huko mtu haulizwi kama ameshinda. Huulizwa ameona nini, ameonaje, na anajuaje kwamba alichodhani amekiona ndicho kilichokuwapo. Kwa hiyo yale ambayo hayakuingia katika kipimo cha mashindano yana mahali pa kusemwa, na afaaye kuyasema ni yule aliyekaa na watoto. Nashangaa sana ninapoona mikutano juu ya vishikwambi vya Darasa la Kwanza ikihudhuriwa na watu wa kila aina isipokuwa mwalimu wa Darasa la Kwanza.

Kuna jambo jingine la Tanga lifaalo kukumbukwa. Ilikuwa sharti la mashindano hayo kwamba programu za timu tano za mwisho zitolewe wazi, ili mtu yeyote azitumie na kuzirekebisha bila malipo. Mashindano yalipokwisha, kazi haikufungiwa sandukuni. Si mashindano yote yaliyo hivyo. Yapo ambayo masharti yake, katika ukurasa wa mwisho wenye herufi ndogo, humfanya mshiriki aikabidhi kazi yake kwa mwandaaji hata asiposhinda. Mwanachuo aliyebuni mchezo wa kadi za silabi aweza kujikuta hana ruhusa ya kuutumia mchezo wake mwenyewe. Ukurasa huo na usomwe kwanza, kabla ya ule wenye picha.

Kuupima mwaliko

Miaka kadhaa iliyopita mwanachuo mmoja niliyekuwa nikimsimamia alinijia kwa furaha. Ikisiri yake ilikuwa imekubaliwa na mkutano wa kimataifa, naye alitakiwa kulipa ada ya ushiriki kwa dola kabla ya siku tatu kupita. Nilimwuliza aliituma lini. Akajibu, "Jana jioni, Mkufunzi." Mwaliko wa kukubaliwa ulikuwa umefika alfajiri. Nilimwambia asilipe, lakini alikuwa ameshalipa, kwa fedha alizotumiwa na nyumbani kwa ajili ya kujikimu wakati wa mazoezi ya kufundisha. Hoteli iliyotajwa kuwa mahali pa mkutano ilipopigiwa simu haikuwa na habari ya mkutano wowote. Kijana yule alifanya mazoezi yake kwa kula mlo mmoja kwa siku, na tangu hapo hakutaka tena kusikia neno "mkutano". Hasara hii ya pili ndiyo iliyonisikitisha zaidi, kwa maana ikisiri yake ilikuwa nzuri.

Mkutano wa kweli huchukua muda. Kazi iliyotumwa hupelekwa kwa wasomaji wawili au zaidi wenye ujuzi, nao huhitaji majuma kadhaa. Hata ikikubaliwa, aghalabu hurudi na maoni: eleza hapa, punguza pale. Kazi iliyokubaliwa kwa usiku mmoja bila neno la kusahihisha haikusomwa. Tena mkutano wa kweli una kamati yenye watu wanaojulikana katika vyuo vinavyojulikana, na mkufunzi wako aweza kuwaandikia kuuliza. Ada yake hutajwa tangu mwanzo, na mara nyingi wanafunzi hupunguziwa. Mwaliko unaokuita "Profesa Mheshimiwa" ilhali wewe ni mwanachuo wa mwaka wa kwanza umekwisha kujisema wenyewe.

Ipo mikutano iliyodumu na kujulikana. Mkutano wa eLearning Africa, ambao hushughulikia matumizi ya teknolojia katika elimu, ulianza Addis Ababa mwaka 2006, na umefanyika Dar es Salaam mwaka 2011 na tena mwaka 2025. Kwa upande wa zawadi, UNESCO ina Zawadi ya Mfalme Hamad bin Isa Al-Khalifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano katika elimu, iliyoanzishwa mwaka 2005. Yafaa ijulikane kwamba zawadi hiyo haiombwi na mtu mwenyewe; majina hupendekezwa na serikali, kwa kupitia Tume za Taifa za UNESCO, au na mashirika yenye uhusiano rasmi nayo. Kwa hiyo mtu akikutaka ada ili "akuingize", umekwisha kumjua. Lakini mwanachuo hana haja ya kuanza huko. Kongamano la chuo chake, au la vyuo vya kanda, latosha kabisa kwa mara ya kwanza, nalo halidai nauli ya ndege.

Kutoka darasani hadi ikisiri

Ikisiri ni maelezo mafupi, kwa kawaida ya maneno 200 hadi 300, yanayoiambia kamati ni kazi gani utakayoisoma mbele ya mkutano. Wanachuo wengi hudhani kwamba ni lazima iwe na maneno makubwa. Tazama mfano huu wa kubuni, ambao unafanana na nyingi nilizozisahihisha:

"Katika dunia ya leo ya sayansi na teknolojia, matumizi ya teknolojia katika ufundishaji ni muhimu sana. Mada hii itajadili umuhimu wa teknolojia, changamoto zake, na kutoa mapendekezo kwa wadau wote."

Hapa hakuna darasa, hakuna mtoto, wala hakuna jambo lililofanyika. Maneno hayo yangeweza kuandikwa na mtu ambaye hajapata kuingia shuleni. Na kwa kweli siku hizi huandikwa na mashine kwa nukta chache. Sasa linganisha na ikisiri hii, ambayo nayo ni ya mfano, na tarakimu zake zimebuniwa kwa ajili ya somo hili tu:

"Wanafunzi wa Darasa la Pili wanaposoma kwa sauti, mwalimu ndiye anayewasahihisha. Nilitaka kujua kama wanaweza kujisahihisha wakijisikiliza. Wanafunzi 12 walisoma kifungu cha maneno 40, wakasikiliza sauti zao zilizorekodiwa kwa simu, kisha wakasoma tena. Wengine 12 walisoma kifungu hicho mara mbili bila kujisikiliza. Katika kundi la kwanza wanafunzi 9 walisahihisha angalau kosa moja wenyewe. Katika la pili, 4. Makosa ya silabi zenye konsonanti mbili, kama 'ng'wa' na 'nywe', hayakupungua katika kundi lolote. Kazi hii ilifanyika kwa juma moja katika darasa moja, nami ndiye niliyewagawa wanafunzi na kuhesabu makosa. Haionyeshi kama manufaa hudumu. Sauti zote zilifutwa baada ya kuhesabiwa."

Msomaji ataona kwamba ikisiri ya pili ina swali moja tu, tena dogo. Ina kundi la kulinganisha, ambalo bila hilo tusingejua kama ni kujisikiliza kulikowasaidia watoto au ni kule kurudia tu. Inakiri jambo lililoshindikana, yaani zile silabi ngumu, na huenda hilo ndilo litakalozua mazungumzo marefu zaidi mkutanoni, kwa kuwa kila mwalimu aliyemo ukumbini amewahi kushindana nazo. Na inataja mipaka yake kabla ya kuulizwa. Mwanachuo huogopa kuitaja mipaka, akidhani ataonekana dhaifu. Mbele ya kamati yenye ujuzi ni kinyume chake: kazi ya juma moja inayojua kwamba ni ya juma moja huaminiwa.

Zaidi ya hayo, kazi yenyewe haikuhitaji vifaa vya mamilioni. Ilihitaji simu moja, daftari, na mwalimu aliyesikiliza. Swali lenyewe hupatikana wapi? Hupatikana katika tathmini ile unayoandika chini ya andalio la somo, ambapo wengi huandika "somo limeeleweka" ili mkaguzi aridhike. Andika hapo kile kilichokushangaza, na baada ya majuma manane ya mazoezi utakuwa na maswali zaidi ya unayoweza kuyashughulikia.

Sasa juu ya sentensi ile ya mwisho ya ikisiri. Sauti ya mtoto ni mali ya mtoto. Kabla ya kuirekodi, chuo na mwalimu mkuu hawana budi kujua, mzazi aelezwe kwa lugha anayoielewa na akubali, na mtoto mwenyewe aweze kusema "sitaki" bila kuogopa. Majina hubadilishwa kuwa herufi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mzazi aliyekukabidhi mwanawe asubuhi hakukukabidhi sura na sauti yake uzisambaze. Nimeona katika mikutano picha kubwa ukutani za watoto wenye sare zilizochanika, zikionyeshwa ili wasikilizaji wawahurumie na kumsifu msemaji. Mtoto yule atakua. Kuna siku atajiona.

Kadhalika kuhusu akili mnemba. Programu hizi zaweza kumsaidia mwanachuo kunyoosha sentensi au kutafsiri ikisiri yake kwa lugha ya mkutano. Haziwezi kuona darasa lako. Ukiziomba matokeo zitakupa matokeo ambayo hayakutokea, na ukiziomba vitabu vya rejea zaweza kukutajia vitabu ambavyo havijapata kuandikwa, kwa lugha nzuri isiyo na wasiwasi wowote. Kamati nyingi sasa humtaka mwandishi aseme ni wapi alipotumia mashine. Sema bila kuficha. Wala usizilishe maandishi ya wanafunzi yenye majina yao. Na ukitaka kuwapa watoto wenyewe programu hizo, kumbuka kwamba mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2023 ulipendekeza umri usipungue miaka 13, umri ambao wengi wa wanafunzi wetu wa shule ya msingi hawajaufikia.

Mashindano ya watoto wenyewe

Wako watakaosema kwamba swali la darasani haliwezi kufika mbali. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba huko Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliweka maziwa yake katika jokofu yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alimwuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuwatembelea. Wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alikwenda akalijaribu, na mwaka 1969 maelezo ya wote wawili yalichapishwa katika jarida la Physics Education. Wanasayansi wangali wakibishana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walieleza kwamba katika vipimo vyao hawakupata ushahidi wa kutosha wa jambo hilo. Ubishi huo haumpunguzii Mpemba chochote. Swali lililodumu zaidi ya miaka 50 lilikuwa swali kweli.

Nimelitaja hili kwa sababu ya ugonjwa mmoja wa maonyesho ya wanafunzi, nao ni mwalimu kuifanya kazi mwenyewe usiku, kisha mtoto akaikariri mbele ya waamuzi. Mtoto huyo akiulizwa "Uliwezaje kujua?" humtazama mwalimu. Waamuzi wazoefu hulitambua jicho hilo. Kama mwanafunzi wako wa Darasa la Sita amegundua kwamba mche ulio karibu na bomba la shule hukua haraka kuliko ulio mbali, basi na aende na miche miwili katika makopo, na tarehe zilizoandikwa kwa mwandiko wake, na kosa la tahajia likiwamo.

Zoezi kwa wanachuo

Mazoezi haya yafanywe kwa vikundi vya watu wanne, na mkufunzi asiingilie kabla ya kundi kumaliza.

Tafuteni tangazo moja la mkutano au mashindano ya elimu. Andikeni ni nani aliyeweka swali, ni nani atakayepimwa, kazi itakuwa mali ya nani, na ada italipwa lini. Lisilojibiwa na tangazo liandikieni barua ya kuuliza.

Rudieni ikisiri ya pili iliyo katika makala haya. Tafuteni udhaifu wake ambao mwandishi hakuutaja. (Kundi moja la mwaka jana liliuliza kama watoto wa kundi la kwanza hawakusoma kwa uangalifu zaidi kwa sababu tu walijua kwamba wanarekodiwa. Mpaka sasa sijapata jibu la kuniridhisha.)

Kila mmoja afungue maandalio yake ya mazoezi yaliyopita, achague tathmini moja inayosema "somo limeeleweka", na aiandike upya kwa kadiri anavyokumbuka ukweli wa siku hiyo.